Siku ya Zamu ya Lutengano

Ikolo, Machi 2, 1913, Jumapili

Nimemkosea Lutengano. Naliandika hili mwanzo kabisa, kabla sijaanza kulizungusha, maana najijua. Mimi ni mtu wa kuzungusha maneno, na kazi yangu kwa Wajerumani niliipata kwa hilo.

Lutengano ni mwenzangu wa rika. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukajenga kijiji pamoja kama vijana wa kwetu wanavyofanya, kila rika na kijiji chake. Mlango wake na wa nyumba yangu ya zamani inatazamana. Binti yake Tusekile ameolewa na mwanangu Aliko. Na Alhamisi iliyopita, pale ghalani bandarini Mwaya, nilimwambia Bwana Miwani, Mjerumani anayesimamia kuni, kwamba Lutengano ndiye kichwa cha watu waliokataa kubeba kuni za meli.

Askari walimfuata nyumbani kwake wakamkuta anakula na wenzake. Alipigwa viboko hamsa ishirini pale pale uwanjani, akatiwa mnyororo wa shingo. Bwana amesema atakaa Mwaya akipasua kuni mpaka meli ije, kisha atapakiwa aende kusini, na kutoka huko apelekwe pwani. Meli imevutwa nchi kavu inatengenezwa, na inasemekana haitafika kabla mvua haijapungua. Waliopelekwa pwani na mnyororo, mimi sijamwona aliyerudi.

Wenzangu walikuwa na haki ya kukataa. Mto Mbaka umefurika, na kuni zinakatwa ng'ambo. Lazaro, mtu mpole, alichukuliwa na maji na mzigo wake mgongoni. Bwana aliambiwa, akasema kesho wavuke mahali pengine. Hakuna mahali pengine. Basi wakakaa.

Na Lutengano si kichwa. Hakuna kichwa. Kwetu watu wakikataa jambo hawaapi, wanakula. Kila siku nyumba moja inapika, rika lote linakula hapo, na kesho yake nyumba inayofuata. Asiyekuja kula, amekwenda kazini. Ndiyo kiapo chenyewe. Siku ile ilikuwa zamu ya Lutengano tu. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu nililitumia mwenyewe zamani. Bwana aliponiuliza nani kichwa, nikasema, nenda nyumba wanayokula leo, mwenye nyumba ndiye.

Nilifanya hivyo ili kijiji kisichomwe moto. Bwana alikuwa amesema atakichoma.

Machi 3

Mvua mchana kutwa. Kuni zinabebwa.

Machi 7

Wenzangu walikuja kwangu asubuhi, na Marta, mke wa Lutengano, alikuwa pamoja nao. Walileta jogoo na kibuyu cha maziwa. Nilidhani wamekuja kunitukana, nikavaa kofia ya serikali kabla ya kutoka. Kumbe wamekuja kuniomba.

Marta alipiga magoti akasema, "Akida, wewe ndiye mtu wetu kule. Tusemee."

Hawajui. Wote hawajui. Nilimwambia nitajaribu, na jogoo nikamchukua, maana kukataa zawadi kungewafanya waulize.

Niandike nilivyofika hapa. Zamani tulikuwa wapagazi, kutoka Mwaya mpaka Boma la Tukuyu, na tulipanda na mizigo hata mtu akiwa na homa. Mimi nilikuwa nimejifunza Kiswahili na kuandika kwa mwalimu wa misioni, basi wenzangu wakanisukuma mbele. Nikasema nao, tukae. Tukakaa, tukala kwa zamu, na meli ikangoja kuni mpaka yule Bwana wa wakati huo akaja mwenyewe kijijini kwa miguu, viatu vimejaa matope. Alikubali mgonjwa asibebeshwe, wanawake wasiitwe, na Jumapili tupumzike. Watu walinibeba mabegani. Nilikuwa mwembamba wakati huo.

Baada ya hapo Bwana aliniita akasema, mtu anayeweza kuwakalisha watu chini anaweza pia kuwasimamisha. Akanifanya nyapara. Niliona haya kwenda, na Lutengano ndiye aliyeniambia, "Nenda. Afadhali kofia ikae kwenye kichwa tunachokijua." Kutoka unyapara nikawa akida wa kuni na mizigo, nikapewa kiti, nikajengewa nyumba ya tofali kando ya barabara. Kwa muda nilisaidia watu kweli. Lakini ile Jumapili niliyoipigania, mimi mwenyewe nilikuja kuifuta mwaka juzi, nikisimama juu ya gogo, kwa sababu meli haikungoja.

Nyumba ya tofali ina ukuta mnene. Ukiwa ndani husikii watu.

Machi 9, Jumapili

Kanisani wamemwombea Lutengano kwa jina. Nami nilisema amina.

Machi 12

Watu wameanza kusema ni Ezra.

Ezra ni mwenzetu wa rika pia, mtu wa maskhara, hana jambo asilolichekea. Siku ile aliondoka mapema kwenye chakula kwa kuwa ng'ombe wake alikuwa anazaa vibaya. Aliondoka, na baada ya kitambo kidogo askari wakafika. Sasa watu wanaunganisha hayo mawili. Marita mke wangu kaniletea habari kutoka mtoni, na alipomaliza akauliza, "Wewe ulikuwepo ghalani. Bwana alimsikia nani?"

Nikasema Bwana ana masikio yake.

Machi 13

Mvua. Wingu la kungu limetoka ziwani mpaka huku bara, wadudu hao wamejaa kwenye uji. Wanawake wanawakamata kwa vikapu. Marita ametengeneza mikate ya kungu, nimekula mingi.

Machi 19

Nimekwenda kumwona Lutengano.

Anapasua kuni nyuma ya ghala, mnyororo umefungwa kwenye kisiki. Amekonda, vidonda vya mgongo vimeanza kukauka. Askari alisogea pembeni kwa heshima yangu, nami nikakaa juu ya gogo nisijue nianzie wapi.

"Mugonile, Akida," akanisalimu. "Umekuja kukagua kuni au kumkagua mpasuaji?"

Nikasema nimekuja kumsalimu.

"Ndaga, asante. Basi salimu haraka, kuni zina wivu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza habari za Marta, za mpunga wake kama maji yameufunika, za ng'ombe wa Ezra. Nikamwambia ndama alikufa. Akapasua kuni mbili tatu, halafu akasema, bila kunitazama, kwamba watu wanaomletea chakula wanasema ni Ezra aliyemtaja. Yeye haamini, lakini kukaa na mnyororo kunamfanya mtu aamini mengi.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza.

Hapo palikuwa na nafasi. Mvua ilikuwa imekatika, askari yuko mbali, tuko wawili tu kama tulivyokuwa malishoni. Nikasema sijui.

"Siku iliyofuata ilikuwa yako," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza. Tangu nilipopewa kofia, zamu yangu haijafutwa. Rika linapokula kwa zamu, siku ya nyumba yangu ikifika hakuna anayepika, kila mtu anashinda na ndizi baridi kwake. Wengine walitaka ifutwe, mbona tunalala njaa kwa ajili ya mtu anayekula kitini? Lutengano ndiye aliyekataa. Aliwaambia, iacheni, iko siku atakichoka kile kiti.

Nikaondoka.

Machi 23, Pasaka

Sikula meza ya Bwana kanisani. Nilimwambia mwalimu tumbo linauma. Tusekile alikuwa upande wa wanawake, amejifunika uso wote kwa nguo kwa sababu yangu. Misioni wanasema mila hiyo ni ya giza, lakini hakuna mkamwana hata mmoja aliyeiacha. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, jina lake halitamki, hata neno linalofanana na jina lake analikwepa. Ndiyo maana watoto wetu waliooa wanajenga kijiji chao mbali. Nami nikipita njia ya kwao hukohoa, ili awahi kujificha majanini. Tangu aolewe sijauona uso wake. Nakumbuka tu alivyokuwa mtoto, akicheza mlangoni kwa baba yake.

Machi 29

Ezra anaumwa. Baridi imemwingia, anatetemeka juani.

Aprili 2

Sasa watu wana hakika. Kwetu mtu akiwakosea majirani, manung'uniko yao humfikia kama baridi, anatetemeka na kukohoa mpaka akiri. Tunaiita pumzi ya watu. Hakuna anayemloga, ni ule uchungu wa watu wanaokaa na kusema chini chini jioni baada ya jioni. Na ukweli ni kwamba wamesema sana juu ya Ezra, hawamwiti kula, wanapita mlangoni kwake bila salamu. Basi alipoanza kutetemeka, walitazamana wakasema, imempata mwenyewe.

Mwalimu anasema ni malaria na maji ya mafuriko. Mimi sijui. Nijualo ni kwamba mwenye kosa ni mimi, na mimi niko salama, kifua kizima. Ninakula. Nimenenepa hata mkanda wa serikali nimeutoboa tundu jipya. Nikiwa kijana nilifundishwa kwamba pumzi ya watu haikosei mtu. Kumbe inafuata jina wanalolitaja.

Aprili 4

Maji yameingia uani. Kuku wako juu ya kiti cha serikali.

Aprili 9

Leo nilikwenda kwa Bwana Miwani. Nataka niandike kila kitu kilivyosemwa, nisije nikajipamba baadaye.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Nilipofika alikuwa anajikausha soksi motoni, hasira zake zimetulia, na nikaona ni rahisi zaidi kuomba huruma. Nikasema Lutengano amekwisha kuadhibiwa, mkewe yuko peke yake, mpunga umezama, watu wanabeba kuni sasa. Amsamehe asipandishwe melini.

Akaniuliza, "Yeye ni kichwa ama si kichwa?"

Nikasema ni mtu mwema.

"Sikuuliza wema. Mimi nataka kichwa. Mwili bila kichwa hakuna. Kama si huyu, lete mwingine."

Akanitazama kwa ile miwani yake. Nami, Mungu anaona, jina la Ezra lilifika mdomoni. Nilifikiri, Ezra anaumwa, watu wamekwisha kumhukumu, hasara itakuwa ndogo. Nililifikiri hilo nikiwa nimesimama wima na kofia mkononi. Sikulitaja. Lakini sikulizuia kwa wema wangu. Mpishi aliingia na kahawa, Bwana akageuka, basi.

Nikatoka nimesema, "Ni huyo huyo, Bwana."

Kwa hiyo nimemtaja Lutengano mara mbili.

Aprili 11

Niliandika kwamba nilifanya vile ili kijiji kisichomwe. Ni uongo. Bwana anatishia kuchoma kila mwezi, hajachoma hata banda la mbuzi.

Siku ile, nikienda ghalani, nilipita nyuma ya nyumba ya Lutengano. Nilisikia harufu ya ndizi na samaki mbasa, na rika lote liko ndani linacheka. Ezra alikuwa anamwigiza mtu anavyotembea, nami nilisikia vizuri kwamba mtu huyo ni mimi, tumbo mbele na fimbo nyuma. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Lutengano alicheka nao. Nilisimama kwenye migomba nikisikiliza, mvua ikinipiga. Nilitaka mtu atoke aniite. Hakuna aliyejua kama nipo, lakini mimi nilikasirika kama waliojua. Nilifika ghalani na hasira hiyo, na Bwana alipouliza, jibu lilikuwa tayari.

Hiyo ndiyo sababu. Nyingine nilizitafuta baadaye.

Aprili 15

Mvua. Marita hali na mimi tena. Anaweka chakula anaondoka.

Aprili 20, Jumapili

Wakisi wa Ikombe wamekuja na mitumbwi ya vyungu, wanabadilishana na ndizi na mpunga. Wamesema meli imekwisha kushushwa majini huko kusini. Nilisikia habari hiyo nikiwa katikati ya watu, kila mtu akanigeukia. Marta, mke wa Lutengano, alikuwa na chungu mkononi, akakirudisha chini polepole.

"Umekwisha kusema na Bwana?" akaniuliza.

Nikasema nimesema naye.

"Akasemaje?"

"Anafikiri."

Mzee mmoja akasema basi tuna bahati kuwa na mtu wetu serikalini. Wengine wakaitikia, ndaga, ndaga. Nilirudi nyumbani na njia ya mbali.

Aprili 26

Ezra ametapika damu. Mke wake ameondoka na watoto kwenda kwa ndugu zake Ngonga, kwa aibu. Hakuna anayempelekea maji.

Mei 3, Jumamosi

Sijui nianze vipi.

Mchana nilikuwa natoka Mwaya. Mvua imepungua, njia ina matope lakini jua lipo. Nilipokaribia migomba ya kijiji cha akina Aliko nilikohoa kama desturi. Nikasubiri. Nikakohoa tena, nikaendelea. Kwenye kona, mwanamke amesimama katikati ya njia. Nguo iko begani, kichwa wazi, uso wazi. Nilidhani ni mgeni. Kisha nikaona ana uso wa Lutengano.

Niligeuka mimi. Niliweka kofia usoni nikashuka kwenye majani, mtu mzima na kiti cha serikali, najificha kama wanavyojificha wao. Nilimwambia akiwa mgongoni kwangu, mwanangu, pita, unafanya nini?

"Tata," akasema, kama anavyomwita baba yake, "nitazame."

Sikugeuka.

"Nitazame, tata. Mimi nimekwisha kukutazama, lililoharibika limeharibika."

Kwetu mkamwana akimtazama baba mkwe, wanasema tumbo lake litafunga. Na yeye hajazaa bado. Aliijua hatari hiyo, alikuja nayo njiani. Nikageuka.

Sauti yake ilikuwa sawa. Alinieleza. Alhamisi ile alikuwa Mwaya amekwenda kubadilisha ndizi kwa vyungu. Mvua ikamkuta, akajibanza chini ya upenu wa ghala. Akasikia kikohozi changu. Basi akafanya kama anavyofanya siku zote, akaingia nyuma ya ukuta wa mikeka ili nisimwone, akajifunika, akanyamaza. Ukuta ule ndio anaouegemea Bwana Miwani anapozungumza na watu. Alisikia kila neno. Alisikia jina la baba yake linatoka kinywani mwangu. Hakuweza kutoka, kwa sababu nilikuwepo. Alipokimbia kwao, askari walikuwa wamekwisha kufika.

Tangu siku hiyo anajua. Hakumwambia mama yake, wala Aliko. Angesemaje? Jina langu halitamki. Kumshtaki baba mkwe kwetu ni kama kumvua nguo mbele za watu. Alikaa nalo mvua nzima, akisikia watu wanamla Ezra kwa maneno, akipita kando yangu amejifunika.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," akasema. "Kila Jumapili nilisema, leo. Sasa meli inakuja, na Ezra anakufa."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Aliko.

"Nikimwambia, atamchukia baba yake. Mimi baba yangu wanampakia. Nilisema tusiwe wawili wasio na baba." Akavuta nguo, akaanza kujifunika, kisha akaacha. "Sikuja kukutisha. Sitamwambia mtu hata sasa. Nimekuja ili ujue yuko mtu anayejua, usiwe peke yako nalo."

Akapita. Nilibaki kwenye majani mpaka miguu ikalala.

Mei 4, Jumapili

Aliko amekuja. Tusekile amemwambia kwamba amenitazama, na hakumwambia kwa nini. Tusekile analia, na kina mama wa kijiji wanataka atakaswe, wanasema amerukwa na akili kwa sababu ya baba yake. Aliko aliniuliza kama nimemkosea mkewe heshima. Ni mwanangu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika shoka.

Nikamwambia aketi. Nikamwambia yote. Shoka akaliweka chini taratibu, na hilo lilinitisha kuliko kama angelishika. Alisema neno moja tu wakati anaondoka.

"Mke wangu amekuwa mwanamume wa nyumba hii."

Kisha nikamwambia Marita. Alikuwa anachambua mboga. Alisema anajua, tangu siku ya kungu. Nilivyokula mikate ile, alisema, mtu mwenye moyo mweupe asingekula vile rafiki yake akiwa kwenye mnyororo.

Mei 5

Nimempelekea Ezra maji na uji. Nyumba inanuka. Alinitambua kwa fimbo, akasema, "Aa, serikali imekuja. Nisamehe sikusimama."

Nikamwambia ni mimi. Nilisema haraka, nimesimama mlangoni. Hakushangaa, au hakuwa na nguvu ya kushangaa. Alifumba macho, nikafikiri amelala.

"Na mimi nimetetemeka bure?" akasema.

"Bure, Ezra."

"Nilianza kuamini. Nilifikiri labda nilisema njiani, labda nilimwambia ng'ombe." Akacheka, kikohozi kikamkamata. Nilimwinua nikamnywesha. Alipopata pumzi aliniambia nisilie kwake, machozi hayafai kunywa. Akauliza nimemwambia nani mwingine. Nikamtajia Aliko na Marita.

"Hao ni wa nyumbani kwako," akasema. "Unakiri kama unavyokula. Ndani, mlango umefungwa. Mimi walinihukumu uwanjani."

Nikasema nitakwenda kwa Bwana. Akasema kwa Bwana peke yake haitoshi, utarudi na maneno mazuri. Lazima wenzetu wawe wanasikia.

Ana haki. Nimekaa hapo mpaka jioni nikimfulia nguo.

Mei 7

Nilikwenda Mwaya. Bwana Miwani amepanda Tukuyu kwenye Boma, atarudi Jumapili. Jumatatu atafanya baraza, watu wote wa kuni wameitwa. Nilipita nyuma ya ghala nikiwa na nia ya kumwambia Lutengano mwenyewe, lakini askari ni mwingine, alinizuia. Lutengano aliniona kwa mbali, akanipungia shoka.

Mei 8

Nimewaambia wenzangu wawili wa rika kwamba Ezra si yeye. Wakauliza ni nani basi. Nikasema njooni barazani. Mmoja aliniangalia sana. Leo kuna mtu amempelekea Ezra ndizi.

Mei 10, Jumamosi

Jua kali. Mpunga uliobaki unainuka. Watu wa Ikombe wamefika na mtumbwi asubuhi, wamesema wameona moshi wa meli, imetia nanga kwao inachukua kuni. Jumanne itakuwa Mwaya.

Marita ameuliza watanifanya nini. Nimemwambia naweza kupigwa, naweza kutiwa mnyororo ule ule, kiti na nyumba hii vitachukuliwa. Ameanza kutoa vyungu vyetu nje na kuvifunga, hakusema nisiende. Nyumba yetu ya zamani kwenye kijiji cha rika imeanguka paa, Aliko amekwenda kukata mianzi bila kuambiwa.

Naogopa. Niandike hilo pia. Naogopa kwamba Bwana atasema nimechelewa, na atampakia Lutengano na mimi nimwangalie. Naogopa kwamba Lutengano akifunguliwa hatanisemesha mpaka tufe. Na naijua tabia yangu, nikisimama mbele ya watu maneno yananijia, nikiona nyuso zinalainika naanza kuzipendeza. Kwa hiyo naandika hapa nitakachosema, nisiongeze wala nisipunguze, na Aliko nimempa nakala ashike mbele yangu.

Jumatatu, tarehe 12 Mei, asubuhi, barazani Mwaya, kabla kazi haijagawanywa, nitavua kofia ya serikali na kuiweka mezani kwa Bwana Miwani. Nitasema: Mimi, Enoki, nilikudanganya. Lutengano si kichwa, ilikuwa zamu yake kupika. Ezra hakusema neno. Niliyesema ni mimi, kwa wivu, kwa sababu walicheka na mimi sikuwemo. Kama serikali lazima iwe na kichwa cha kupakia melini, mimi niliwahi kuwa kichwa cha watu hawa kweli, na huyo ndiye ninayemleta. Nitasimama kando ya kisiki mpaka mnyororo utolewe shingoni mwa Lutengano.

Nitasema mara mbili. Kwanza kwa Kiswahili, Bwana asikie. Kisha kwa Kinyakyusa, wenzangu wasikie.